Pasteli laini Nyanda za Juu: anza na karatasi, rangi zifuate

Ukiingia duka la vifaa vya shule Mbeya mjini ukasema unataka pasteli, mara nyingi utawekewa mezani kimoja kati ya vitu vitatu: kreyoni za watoto, pasteli za mafuta, au boksi la chaki za rangi za ubaoni. Vyote vitatu havikufai. Pasteli laini ni unga wa rangi uliochanganywa na unga mweupe wa madini, kama chaki au kaolini, ukashikizwa kwa gundi kidogo mno. Gundi yenyewe ni kidogo kiasi kwamba kijiti kikianguka sakafuni kinakatika. Pasteli ya mafuta ina nta na mafuta ndani yake, haikauki sawasawa, na juu yake ile laini haishiki. Chaki ya ubaoni ina rangi kiduchu sana. Kwenye karatasi inatoa mstari uliopauka ambao hata ukirudia mara kumi hauongezeki nguvu.

Kipimo cha dukani ni chepesi. Omba kipande cha karatasi, chora mstari, kisha upitishe kidole kikavu. Pasteli laini itatawanyika kama vumbi na kukuachia rangi nzito kidoleni. Ya mafuta itateleza na kubaki pale pale. Chaki ya ubaoni itafutika karibu yote. Muuzaji akikwambia "zote ni pasteli tu," mshukuru, uondoke.

Kwa hiyo wengi wetu huku kusini tunaagiza Dar es Salaam, na mzigo unakuja kwa basi. Hapo ndipo hesabu zinapoharibika, maana anayeanza huweka karibu fedha yake yote kwenye boksi kubwa la rangi, halafu kinachobaki ananunulia manila. Wiki ya pili anakata tamaa. Picha imelala, rangi zimegeuka tope, na kijiti kipya kikipita kinateleza bila kuacha kitu. Anaamini hana kipaji au amenunua rangi mbovu. Kilichomwangusha ni manila.

Pasteli haiingii ndani ya karatasi wala haikauki juu yake. Ni vumbi linalonaswa na mkwaruzo wa karatasi, na kila karatasi ina kiasi chake inachoweza kubeba. Ni sawa na debe: likijaa limejaa, ukizidi kumimina unamwaga. Manila ni laini, inajaa kwa tabaka moja au mawili. Karatasi ya pasteli iliyotengenezwa kiwandani, kama Canson Mi-Teintes ya gramu 160 kwa mita ya mraba, inabeba tabaka kadhaa. Ina pande mbili tofauti: upande mmoja una vishimo vinavyojipanga kama sega la nyuki, mwingine ni mlaini zaidi, anayeanza hatambui na kila picha inamtoka kivyake. Karatasi zilizopakwa tabaka maalumu la mkwaruzo, kama UArt au Pastelmat, zinabeba tabaka nyingi kuliko zote, lakini bei yake kwa karatasi moja inauma, na kuzipata hapa ni mpaka uagize.

Kwa mazoezi kuna njia mbili za bei nafuu ambazo tumezizoea. Ya kwanza ni karatasi ya kaki, ile ya kufungia vitabu. Ina mkwaruzo kidogo upande mmoja (pitisha kiganja pande zote mbili utaujua), na rangi yake ya kahawia inasaidia sana, kwa sababu nyeupe na nyeusi zote zinaonekana juu yake tangu mwanzo. Haibebi zaidi ya tabaka mbili au tatu, na baada ya miaka inakuwa nyeusi na kukatikakatika, kwa hiyo usiifanyie kazi ya kuuza. Ya pili ni msasa. Nenda duka la vifaa vya ujenzi au kwa wanaouza rangi za magari, uombe ule wa kusugulia kwa maji, namba 400 mpaka 600. Shiti moja ina ukubwa wa takriban sentimita 23 kwa 28, inatosha picha ndogo. Usichukue msasa wa mbao wa rangi ya kahawia. Chembe zake ni kubwa, zinakula kijiti kikaisha mbele ya macho yako, na ukiupitishia kimiminika gundi yake inaweza kulegea.

Njia ya tatu ndiyo ninayoipenda, na hapa Mbeya tumebarikiwa nayo kuliko mikoa mingine: kujitengenezea ubao wa kuchorea kwa pumisi. Pumisi ni lile jiwe jepesi lenye matundu la kusugulia visigino. Mlima Rungwe ulilipuka vibaya miaka takriban 4,000 iliyopita na kumwaga pumisi eneo kubwa kuuzunguka. Ukienda upande wa Tukuyu, palipochongwa kingo utaona matabaka yake, punje nyepesi zenye rangi ya krimu au kijivu. Hata viwandani kuna wanaosaga jiwe la aina hii kutengenezea karatasi na rangi za msingi za pasteli.

Isage ikiwa imelowa. Hili si la kupuuza, kwani vumbi kavu la pumisi ni vipande vidogo vya kioo cha volkano na halifai kuingia mapafuni. Loweka punje usiku mzima, ziponde kwenye kinu cha zamani kisichotumika tena kwa chakula, ukiongeza maji kila yanapopungua. Jiwe zima linaelea, lakini likishasagika linazama, kwa sababu mapovu ya hewa yamepasuka. Hilo ndilo litakalokusaidia kuchambua ukubwa wa chembe. Mimina uji wote kwenye ndoo yenye maji ya kina cha sentimita 15, koroga, subiri sekunde 30. Chembe kubwa zitakuwa zimeshafika chini. Maji yenye ukungu wa chembe yamimine taratibu kwenye ndoo ya pili, mchanga wa chini uurudishe kinuni. Ile ndoo ya pili nayo ikoroge, iache dakika tatu, kisha mwaga maji yaliyo juu. Kilichotuama ndicho unachokitaka. Kilichokwenda na maji ni kilaini mno, hakina mkwaruzo. Anika tope lako kwenye sahani ya bati mahali pasipo upepo.

Kuchanganya: vijiko vinne vya chakula vya rangi nyeupe ya maji isiyong'aa, kijiko kimoja cha unga wa pumisi, kijiko kimoja cha maji. Rangi ya ukutani isiyong'aa inatosha mazoezi. Kazi ya kuuza itengenezee jeso ya akriliki, ile rangi ya msingi ya wachoraji, hata kama itabidi kuiagiza, maana rangi ya ukutani haikutengenezwa kukaa juu ya karatasi miaka hamsini. Ongeza rangi kidogo ya kahawia au kijivu mpaka ubao uwe wa mwanga wa kati. Kuanzia kwenye weupe mtupu kunamchanganya mgeni, kila rangi anayoweka inaonekana nyeusi kuliko ilivyo.

Paka juu ya hadibodi ya milimita tatu au karatasi nene ya rangi za maji ya gramu 300. Tabaka la kwanza lipite kwa mlalo, likauke saa moja au mbili (mwezi wa sita na wa saba, baridi ikishika, lipe nusu siku), la pili lipite kwa wima. Karatasi ipake pande zote mbili, la sivyo inajikunja. Koroga mchanganyiko kila unapochovya brashi, pumisi inazama upesi na ubao wako utatoka mkwaruzo upande mmoja na utelezi upande mwingine. Ukikauka, jaribu kwa kijiti: mstari mmoja mwepesi uache matundu madogo yanayoonyesha rangi ya chini, na vumbi kidogo tu lidondoke. Likidondoka jingi na kijiti kikapungua haraka, chembe ni kubwa. Pitisha msasa namba 400 kwa wepesi, upanguse kwa kitambaa kibichi.

Sasa rangi. Boksi la vijiti 24 vya nusu urefu la kampuni ya bei ya kati, kama Mungyo ya Korea Kusini, linatosha kwa miezi mingi ya kujifunza. Upungufu wake unajulikana: maboksi ya aina hii yamejaa rangi kali za katikati, nyekundu na njano na kijani za kumeremeta, lakini giza la kweli hamna, na rangi zilizofifia hamna. Kwa mandhari ya huku hizo mbili ndizo kazi yote. Kwa hiyo badala ya kuruka kwenda boksi la 64, ongeza vijiti vichache vya kuchagua: bluu nyeusi, kahawia nyeusi, kijani cha zeituni, zambarau ya kijivu, na krimu nyeupe iliyo laini sana. Rembrandt ya Uholanzi ni ngumu kidogo na inavumilia mkono mzito. Sennelier ya Ufaransa na Unison ya Uingereza ni laini zaidi. Hizo mbili hata kijiti kimoja ni ghali, kwa hiyo usinunue seti. Nunua krimu yako moja ya kumalizia, itakaa nawe muda mrefu.

Vijiti vizuri vina namba za rangi halisi kwenye lebo au kwenye orodha ya kampuni. PR101 na PY42 ni oksidi za chuma, nyekundu na njano za udongo, hazipauki. PB29 ni bluu ya altramarini, nayo imara. Za kuogopa ni waridi na zambarau kali za maboksi yasiyo na maelezo yoyote. Zijaribu: paka mistari kwenye kipande cha karatasi, funika nusu kwa kadibodi, bandika dirishani linapopiga jua kiangazi kizima. Jua la mwinuko wa Mbeya halina subira.

Boksi likifika, kama kuna vijiti vizima, bandua karatasi zilizovizunguka na uvivunje. Najua inauma. Kijiti kizima kinashikwa kwa ncha kama kalamu, na mtu anaishia kuchora mistari tu. Kipande cha sentimita mbili au tatu kikilazwa ubavuni kinafunika eneo kubwa kwa mkono mwepesi, na hivyo ndivyo pasteli inavyofanya kazi. Sehemu yenye namba ihifadhi pembeni ili ujue cha kuagiza.

Picha ya kwanza ya mtu wa huku karibu kila mara ni mlima. Tuchukue Rungwe unavyoonekana ukiwa njiani kutoka Uyole kuelekea Tukuyu: mashamba mbele, miti katikati, mlima nyuma, mawingu juu.

Kabla ya kugusa ubao, chora vijipicha viwili vitatu vya sentimita sita kwa tisa kwa penseli, vyenye ngazi tatu tu: nyeupe, kijivu, nyeusi. Amua kila eneo liko ngazi gani. Nusu ya picha zinazoshindikana zimeshindikania hapa, rangi hata haijafunguliwa, kwa sababu mlima na miti vimepewa giza sawa na macho hayajui kipi kiko mbele.

Kwenye ubao wenyewe usichore kwa penseli. Risasi yake ina utelezi, pasteli haishiki juu yake, na mistari itaonekana mpaka mwisho. Tumia mkaa mwembamba au pasteli ngumu ya rangi hafifu. Ubao uwe wima, umeinamia mbele kidogo kwa juu, ili vumbi lidondoke chini badala ya kutua kwenye picha. Kunja karatasi iwe mfereji, ibandike kwa tepu chini ya ubao ilikusanye.

Anza na giza. Kwa ubavu wa kijiti weka zambarau nyeusi, kahawia na bluu nyeusi penye miti na vivuli, kwa uzito wa kijiti chenyewe tu, mkono usikandamize. Mlima wa nyuma haupewi giza hilo hata kama unajua una msitu mzito. Hewa iliyo katikati inaufanya uwe wa bluu ya kijivu, na mwezi wa tisa, mashamba yanapochomwa, unakaribia kuwa rangi moja na anga. Anga nayo haina bluu moja: juu ina bluu nzito, ikikaribia mgongo wa mlima inapauka na kuingia ujoto wa krimu au waridi.

Kama uko kwenye ubao wa pumisi au msasa wa maji, tabaka hili la kwanza lilowanishe kwa brashi na spiriti ya dukani. Linayeyuka na kuwa kama rangi ya maji, linakauka kwa dakika chache, halafu linaganda. Faida ni kubwa: matundu ya chini yamefunikwa rangi, ila mkwaruzo umebaki karibu wote, hivyo umepata tabaka la bure. Fanya dirisha likiwa wazi, na jiko la mkaa liwe mbali kabisa. Kwenye kaki usijaribu, itajikunja.

Baada ya hapo picha itakuwa mbaya. Vipande vikubwa, hakuna mlima, hakuna miti, mtu akipita anauliza ni nini hicho. Wengi wanaacha hapa, au wanaingiwa na hofu na kuanza kusugua kwa vidole ili "ilainike." Kidole kina mafuta na joto, kinasukuma vumbi ndani ya matundu na kuyaziba. Mara mbili tatu ubao umejaa kabla picha haijaanza. Ukitaka kulainisha anga, tumia kipande cha sponji, tabaka la kwanza tu, uache. Kwingine kote changanya rangi kwa kuipitisha moja juu ya nyingine kwa wepesi, matundu ya ile ya chini yakichungulia. Macho yatazichanganya yenyewe.

Kijani kinastahili nafasi yake, maana Rungwe ni kijani kitupu: migomba, chai, mahindi, viazi, mikaratusi. Anayeanza anachukua vile vijiti vitatu vya kijani kwenye boksi na kufunika nchi nzima, na matokeo yake ni kijani cha ndoo ya plastiki. Dawa ni kutanguliza wekundu. Chini ya shamba la chai weka kahawia nyekundu, ile PR101. Juu yake pitisha kijani cha zeituni kwa wepesi. Wekundu unaochungulia unatuliza kijani na kukifanya kiwe na udongo chini yake. Vivuli vya migomba visitiwe kijani cheusi peke yake, weka bluu nyeusi na kahawia, kisha zeituni kidogo. Mikaratusi ina kijivu cha bluu, si kijani kama unavyodhani. Misonobari ya Mufindi ni karibu nyeusi. Kijani kikali cha boksi kiweke mwisho kabisa, kwenye jani la mgomba linalopigwa na jua kwa nyuma, mahali padogo mno. Kikizidi ukubwa wa kucha chache, kipunguze kwa kupitisha waridi hafifu juu yake.

Mpangilio wa ugumu nao una maana. Vijiti vigumu vitangulie, laini vifuate. Kigumu juu ya tabaka la laini kinachimba na kuondoa kilichopo. Ile krimu yako ya bei ndiyo ya mwisho: ukingo wa wingu, bati la nyumba, mstari wa barabara. Mguso mmoja, usirudie. Ukirudia unauchanganya na kilicho chini na mwanga unakufa.

Tope linatoka wapi? Kwa kawaida ni rangi tatu au zaidi zinazopingana zikisuguliwa pamoja, mathalani kijani, nyekundu na zambarau. Mara nyingine ni vijiti vichafu tu: umeshika njano yenye vumbi la bluu ubavuni ukashangaa imegeuka kijani. Shika kitambaa mkono wa kushoto, futa kijiti kila unapokichukua. Mwisho wa kazi tia vijiti kwenye kopo lenye chenga za mchele, funika, tikisa polepole nusu dakika, chuja kwa chujio la jikoni. Vinatoka vipya. Mchele wa Kyela mzima ni ufujaji kwa kazi hii, na chenga zilizotumika tupa, usiwape hata kuku.

Ukikosea, usitumie kifutio cha shule. Kinakandamiza vumbi na kuacha utelezi usiotoka. Chukua brashi kavu ngumu, peleka ubao nje, sugua eneo hilo, gonga ubao kwa nyuma. Kikibaki kivuli, nyama ya mkate wa jana inakivuta vizuri. Wachoraji wa zamani walifutia mkate kabla mpira haujajulikana.

Vumbi usilipulize kwa mdomo. Linapaa na unalivuta mwenyewe. Vaa barakoa ya N95 ukifanya kazi ndefu, futa sakafu kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia, na usile wala kunywa chai ukiwa umeshika vijiti. Baadhi ya rangi nzuri zina kadmiamu, metali yenye sumu, kwa hiyo watoto wapewe kreyoni zao. Upepo wa mwezi wa nane na wa tisa unapita chini ya mlango na kusambaza vumbi hadi kitandani; ziba kwa tambara.

Dawa ya kupuliza ya kukazia vumbi lisidondoke inabishaniwa sana. Msimamo wangu ni kuitumia katikati ya kazi, na mwishoni kuiacha. Inatia giza na inaua wepesi wa rangi za mwanga, lakini katikati inarudisha mkwaruzo kidogo karatasi ikianza kujaa. Mchoraji Mfaransa Degas alikuwa akikazia tabaka na kuendelea juu yake. Puliza nje, umbali wa sentimita 30, pitisha mara mbili kwa wepesi, acha ikauke, halafu weka rangi za mwanga. Dawa ya nywele ya saluni inashika kweli, ila nyingine zinakuja kuwa njano au kunata na kuvuta vumbi. Kwa mazoezi sawa, kwa mteja hapana. Na mteja akihofia kwamba chaki haidumu, mwambie picha za pasteli za wachoraji Maurice Quentin de La Tour na Jean-Étienne Liotard za miaka ya 1700 bado zina rangi zake, kwa kuwa zimekaa nyuma ya kioo mbali na jua na unyevu.

Kioo ndicho gharama inayomshtua mgeni. Fremu inaweza kuzidi bei ya vifaa vyote vya picha yenyewe, kwa hiyo iweke kwenye hesabu kabla hujataja bei kwa mteja. Mafundi wengi wa fremu wamezoea picha za harusi: wanalaza kioo juu ya picha na kugongelea. Pasteli ikigusana na kioo inahamia kwenye kioo. Mpelekee fundi maelezo kwa mchoro: kioo, kisha vipande vya kadibodi nene au mbao vya milimita tatu hadi tano kuzunguka ukingo, kisha picha, kisha ubao wa nyuma. Vipande hivyo vifichwe chini ya ukingo wa fremu, na uache upenyo mdogo chini ambamo vumbi litakalodondoka litaingia bila kuonekana. Usikubali plastiki badala ya kioo hata kama ni nyepesi na haivunjiki. Plastiki ikipanguswa inapata umeme tuli, na umeme huo unanyonya chaki kutoka kwenye karatasi.

Tukuyu na Rungwe kwa ujumla mvua hainyeshi kimzaha. Karatasi inavuta unyevu na koga inaanza nyuma, upande usioutazama. Usifunge picha kwa nailoni. Kwenye pembe za nyuma za fremu bandika vipande vya mpira ili hewa ipite kati yake na ukuta, na ukuta wenyewe usiwe ule unaopigwa na mvua. Ambazo hazina fremu zilaze, karatasi ya kuokea katikati ya kila mbili, ndani ya boksi la kadibodi juu ya kabati.

Kutuma Dar au Dodoma kwa basi, tuma bila kioo ikiwezekana. Picha ilale juu ya hadibodi, ibanwe pembe nne kwa tepu ya karatasi ya mafundi rangi, juu yake karatasi ya kuokea nayo ibanwe pembe zote isisogee, kisha hadibodi ya pili, kisha tepu pande zote kwa nguvu. Kubanwa hakuiharibu, inayoiharibu ni karatasi ya juu kuteleza kushoto na kulia njia nzima. Andika pande zote mbili "LAZA", na ukikabidhi ofisini waombe iwekwe juu ya mizigo, si chini ya magunia ya viazi.